TAHADHARI: Muuza kamera ndogo mtandaoni, khasa kwa wateja wa Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, na mlioko ng'ambo mnaotuma pesa nyumbani ili watu wenu wanunuliwe vitu.

Kuna mtu anauza kamera ndogo za dijitali kwa njia ya mtandao, zile za mfukoni ambazo ukiziwasha lenzi inatoka. Anajitangaza kuwa yupo Darajani. Duka hana. Ukimwambia unakuja kuiona, siku hiyo yupo bara. Ukimwambia upo Pemba, kamera ipo na inapakiwa kwenye boti ya kesho. Jina la ukurasa wake silitaji kwa sababu mbili: limeshabadilika zaidi ya mara moja tokea nianze kumfuatilia, na wenzetu waliokwenda polisi wameombwa wasimshitue. Anavyofanya kazi lakini ni vile vile siku zote, na hilo ndilo ninalotaka mlijue.

Asiyejua atauliza nani ananunua kamera zama hizi, kila mtu ana simu. Aende kwenye harusi ya wanawake. Simu zinakusanywa mlangoni au zinabandikwa stika kwenye kamera, maana hakuna bibi harusi anayetaka kujiona kichwa wazi kwenye stetasi ya mtu asiyemjua. Kamera ndogo isiyo na intaneti inaruhusiwa, na mwenye kuishika anajulikana. Kazi yangu mimi ndiyo hiyo, napiga picha shughuli za wanawake hapa mjini, na ndiyo sababu watu wananiletea kamera zao niziangalie. Halafu kuna hawa vijana wetu. Wameziona picha za kamera za zamani zenye kihisi cha CCD (kihisi ni kile kipande cha ndani kinachoipokea picha, na CCD ni aina yake ya zamani), rangi zake na ule mwanga wa flashi usoni, basi sasa kamera iliyolala kabatini kwa mjomba imepanda bei. Muuzaji wetu analijua hilo. Kila tangazo lake lina neno CCD, hata la kamera ambayo CCD haikuwahi kuingia ndani yake.

Baadhi ya alizouza ni zile zisizo na ukoo. Kwenye tangazo umeona Canon IXUS, boksi likifika Wete ndani kuna kitu kimeandikwa 48MP, 4K, zumu mara 16. Lenzi yake haitoki, imekaa tuli kama jicho la mdoli. Zumu hiyo ni ya kukata na kutanua tu: inachukua kipande cha katikati ya picha na kukikuza, kwa hivyo kila ukivuta ndivyo picha inavyovurugika. Na zile megapikseli 48 si za kihisi. Programu ya ndani inajaza nukta ambazo lenzi haikuziona, faili linakuwa zito lakini uso wa mtu haujulikani wa nani. Kwa bei ya mchezo wa mtoto wala si kitu kibaya, mtoto wa skuli ataifurahia. Mwalimu mmoja aliuziwa kwa laki tatu na nusu.

Wanaoumia zaidi ni wanaoletewa kamera ya kweli. Jina la kampuni kubwa, mtumba kutoka nje, imefutwa inang'aa. Unaiwasha inawaka. Unaangalia picha, zimo, nzuri. Ukipiga yako inatoka ya zambarau ina mistari, au nyeusi tupu.

Hili lina historia yake. Mwaka 2005 kampuni kadhaa, Sony na Canon zikiwemo, zilitangaza kwamba baadhi ya kamera zao za miaka michache nyuma zina vihisi vya CCD ambavyo viunganishi vyake vya ndani vinaharibika, na kinachoviharibu zaidi ni joto na unyevu. Canon PowerShot A70 na A75 zimo kwenye orodha hiyo. Sasa niambieni mahala gani pana joto na unyevu kuliko hapa petu wakati wa masika. Enzi hizo kampuni zilikuwa zikitengeneza bure. Leo nani atakutafutia kihisi cha kamera ya zaidi ya miaka ishirini?

Ujanja wa huyu bwana umo hapo hapo. Kihisi kikifa, kamera yenyewe haifi: menyu inafunguka, na picha za zamani zilizomo kwenye kadi zinaonekana safi kabisa. Basi yeye anatia kadi yenye picha nzuri, anafungua mojawapo, halafu anaipiga picha kamera kwa simu yake kioo kikionesha bahari na ngalawa. Mteja wa Mkoani akiona, anajua kamera inapiga. Kumbe inaonesha tu.

Nyengine zina ugonjwa wa lenzi. Canon za zamani zinaandika E18 kwenye kioo, za kampuni nyengine zinaandika maneno ya kwao, lakini maana ni moja: lenzi imekwama, haitoki wala hairudi. Mara nyingi ni kuanguka au mchanga. Mchanga wetu wa Paje na Nungwi ni laini mno, unapita baina ya zile pete za lenzi na kukaa kwenye meno ya gia. Kamera ya namna hii inaweza kukubali ikiguswaguswa, ikafungua na kufunga mara chache, kisha ikagoma moja kwa moja. Ndiyo maana video zake zote zimekatwa katikati. Na ukimpigia simu baada ya kugoma, jawabu analo tayari: "Dada, hiyo umeidondosha. Mimi nimeituma nzima." Watu tafauti, visiwa tafauti, sentensi ile ile.

Lililonichoma mimi ni la kadi. Huwa anatoa "zawadi" ya kadi ya 128GB. Kwanza, kamera nyingi anazouza haziwezi kuisoma kadi hiyo hata ingekuwa ya halali. Kadi hizi zina vizazi: SD za mwanzo zinaishia 2GB, SDHC zinaishia 32GB, na juu ya hapo ni SDXC, ambayo kamera za miaka ya 2000 haziijui. Pili, kadi zake ni za uongo: ndani kuna nafasi ndogo, imechezewa ili ijitangaze kubwa. Inapokea picha bila ya kulalamika hadi nafasi ya kweli iishe, na baada ya hapo kila kinachoingia kinapotea au kinafuta cha mwanzo. Dada mmoja wa Chake alipiga harusi ya ndugu yake kutoka kusinga mpaka kumtoa bibi harusi. Nyumbani majina ya mafaili yote yapo kwenye kompyuta. Picha za kusinga zinafunguka, na zilizobaki ni kijivu kitupu. Nilijaribu kuzirejesha, lakini hakikuwamo cha kurejesha, hazikuwahi kuandikwa. Kwenye ukumbi ule simu zilikuwa zimezuiwa, kwa hivyo hakuna mwengine mwenye picha hata moja.

Kadi yoyote usiyoijua asili yake ipimeni kabla ya shughuli. Programu zipo: H2testw kwenye Windows, F3 kwenye Linux na Mac, zote za bure. Zinaijaza kadi mpaka mwisho halafu zinasoma kila kilichoandikwa. Inachukua muda mrefu, iacheni usiku.

Kwa anayetaka kununua kwa mtu yeyote aliye mbali, mwambie akupigie video moja isiyokatwa. Aweke karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, awashe kamera, aipige picha karatasi hiyo hiyo, aioneshe, avute zumu mpaka mwisho na kuirudisha, flashi iwake, kisha aizime kamera, lenzi irudi ndani. Mwenye kamera nzima anaifanya kazi hii kabla chai haijapoa. Huyu tunayemzungumza akiombwa video kama hiyo huwa anakasirika, anakwambia kuna mteja mwengine ameshalipa.

Halafu akutumie ile picha ya karatasi kwa WhatsApp kama hati, si kama picha ya kawaida. Ukituma kama picha, WhatsApp inaibana na kuyaondoa maelezo yake. Ikija kama hati unafungua maelezo kwenye simu yako unaona imepigwa na kamera gani, modeli gani, siku gani. Kuna mteja alitumiwa "sampuli" kwa njia hiyo, nadhani jamaa alijisahau, na maelezo yakataja simu ya Samsung. Tarehe peke yake isikutie wasiwasi, ikiwa ni ya mwaka wa ajabu inawezekana ni saa ya ndani ya kamera imepoteza chaji tu. Modeli ndiyo ya kuangalia.

Ukiwa na mtu Unguja wa kukuangalizia, bora zaidi. Amulike lenzi kwa tochi ya simu kwa ubavu: akiona utando mwembamba ndani, hiyo ni kuvu ya unyevu, na lenzi ya kamera hizi haifunguki mpaka uibomoe kamera yote. Apige ukuta mweupe akiwa amevuta zumu, madoa yatajitokeza. Aitazame na betri. NB-11L ya Canon yenyewe ni 680mAh, ukiona imeandikwa mara mbili ya hapo ujue ni ya bandia, na ikiwa imevimba msiichaji kabisa. Aulize pia kadi ni ya aina gani. Olympus na Fujifilm nyingi za zamani zinatumia xD, na Sony nyingi za zamani zinatumia Memory Stick. Kamera inaweza kuwa nzima na kadi yake usiipate mji mzima.

Kuhusu malipo, kila aliyeibiwa alitakiwa atume pesa kwenye namba ya "mdogo wangu" au "mke wangu". Jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri halikuwa la aliyejitambulisha. Likija jina jengine, simama hapo hapo. Anapenda pia nusu kwanza na nusu mzigo ukifika, ambayo inasikika kama uungwana, lakini ile nusu ya mwanzo ndiyo faida yake, ya pili hata akiikosa hajali.

Mlioibiwa tayari: msifute mazungumzo, hata kama amekupigeni bloku. Pigeni picha ya kioo cha kila ujumbe, hifadhini ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu, boksi, na risiti ya mzigo ya boti. Kama pesa imekwenda leo, piga kampuni ya simu sasa hivi kabla ya kusoma mstari unaofuata, kwani muamala unaweza kuzuiwa ikiwa hajazitoa. Meseji zake zipelekwe 15040, ni namba ya kuripoti utapeli wa simu, wataulizia namba iliyotuma. Polisi nendeni kila mmoja kwenye kituo cha kwake, muandikishe na mpewe namba ya ripoti. Kwa bidhaa za bandia ipo na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ZFCC. Kamera msiirudishe kwake kwa ahadi ya kubadilishiwa. Waliorudisha wamepoteza kamera na ushahidi pamoja.

Wenye namba za ripoti wanitumie inboksi, namba ya ripoti na wilaya tu, sitaki picha za vitambulisho vya watu. Askari anayeshughulikia suala la Chake ameomba aziunganishe.