Hedifoni za gemu zisizo na waya kwa mfuko wa kawaida: ipi uchukue ukiwa Dodoma

Kwanza tuelewane juu ya mnunuzi. Mwongozo huu haumlengi yule wa mashindano mwenye kompyuta ya milioni nne. Unamlenga mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) ambaye asubuhi anasikiliza mhadhara uliorekodiwa, jioni anaongea na mama nyumbani, na usiku yuko PUBG Mobile na wenzake wa hosteli. Unamlenga pia mtumishi wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, mwenye kikao cha Zoom mchana na eFootball baada ya chakula. Anataka hedifoni moja ifanye yote hayo, isimuumize masikio, na isimle kodi ya nyumba.

Kwa mtu huyo, taa za rangi na ile "7.1" (ahadi ya sauti ya kukuzunguka pande zote) iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi ni mapambo. Kitu cha kwanza kuuliza dukani ni hiki: sauti inafikaje kutoka kwenye simu au laptopu hadi sikioni?

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni Bluetooth, ile ile ya spika za mkononi. Ya pili ni kipokezi cha USB, kidude kidogo kinachokuja ndani ya boksi; unakichomeka na kinawasiliana na hedifoni yake peke yake kwa masafa ya 2.4 GHz. Bluetooth nayo iko kwenye masafa hayo hayo, ila sauti yake hubanwa, ikatumwa, kisha ikafunguliwa upande wa pili, na kwa mfumo wa kawaida uitwao SBC kazi hiyo hula kama milisekunde 150 hadi 250. Kipokezi kizuri hula 20 hadi 40.

Kwenye muziki hutaona tofauti. Kwenye video pia, kwa kuwa programu nyingi huchelewesha picha kidogo ili iende sawa na sauti. Gemu haina namna ya kukusubiri. Adui anakuwa ameshaingia chumbani ndipo unasikia hatua zake mlangoni.

Bluetooth ina ugonjwa wa pili ambao wauzaji hawautaji kabisa. Ukiwasha maiki, hedifoni nyingi huacha njia ya muziki na kuhamia njia ya simu, ambayo ni nyembamba: sampuli 8,000 au 16,000 za sauti kwa sekunde badala ya 44,100. Ndiyo maana ukifungua maiki katikati ya gemu kila kitu kinageuka kuwa kama redio ya mkulima yenye betri zilizochoka. Hedifoni haijaharibika, ndivyo Bluetooth ya kawaida inavyofanya kazi. Kipokezi cha USB hakina shida hiyo.

Ila usichanganye mambo haya na pingi, yaani muda ambao mtandao unachukua kupeleka na kurudisha taarifa za gemu. Mtandao ukiwa mzito au bando likiwa linasuasua, hedifoni ya bei yoyote haitakuokoa.

Jambo la pili ni mji wenyewe. Dodoma ni pakavu. Kuanzia Mei hadi mvua zianze mwishoni mwa mwaka ni vumbi na upepo, na Oktoba na Novemba joto linapanda kabla ya mvua kushuka. Mito ya ngozi bandia, ile nyeusi inayong'aa, hunyonya jasho mchana na kukauka usiku, na baada ya muda huanza kubanduka vipande vidogo vyeusi vinavyobaki shingoni na kwenye kola ya shati. Mito ya kitambaa inapitisha hewa. Nayo hukamata vumbi, kweli, kwa hiyo pendelea inayovuliwa ili uikung'ute na kuifuta. Uzito usiupuuze: hedifoni ikizidi gramu 300, baada ya saa mbili kichwa kitakuambia chenyewe.

Sasa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza naipa Razer Barracuda X, lakini ile ya mwaka 2022. Nasisitiza mwaka kwa sababu kuna mbili zenye jina moja. Ya 2021 haina Bluetooth na betri yake inatajwa kukaa saa 20. Ya 2022 ina kipokezi pamoja na Bluetooth, na betri inatajwa kukaa saa 50. Kwa nje zinafanana, kwa hiyo soma boksi: kama neno Bluetooth halipo, hiyo ni ya zamani na bei yake ishuke. Inanifurahisha kwa mambo matatu. Kipokezi chake ni cha USB-C, kwa hiyo kinaingia moja kwa moja kwenye simu janja nyingi za sasa, na kwa laptopu kuna waya wa kuunganishia ndani ya boksi. Maiki inachomoka, ukienda nayo mjini hufanani na rubani. Na ina tundu la waya wa kawaida wa milimita 3.5, kwa hiyo umeme ukikatika na betri ikiisha, unachomeka waya na maisha yanaendelea. Uzito ni gramu 250, mito ni ya kitambaa. Kasoro yake kwenye simu ni kwamba kipokezi kinakalia tundu la chaji, kwa hiyo simu yako iwe imeshiba kabla ya kuanza kucheza. Na kama simu yako bado ni ya tundu la zamani la micro-USB, faida ya kucheza gemu kwenye simu inapotea.

Bei ndiyo kikwazo. Ilipotoka, kule Marekani iliuzwa kama dola 100, na huku kwetu ongeza usafiri na faida ya kila mkono iliyopitia.

Kama hiyo ni nzito, ya pili ni Logitech G435. Ilitoka 2021 kwa dola 80, na katika zote ninazozitaja hapa ndiyo nyepesi kuliko zote: gramu 165. Unaisahau kichwani. Ina kipokezi na Bluetooth, mito ya kitambaa, betri ya saa 18. Ina pia kipimo cha kuzuia sauti isivuke desibeli 85, kitu ambacho mzazi anayemnunulia mtoto wa sekondari anapaswa kukijua. Kwa nini basi isiwe ya kwanza? Haina tundu la waya. Chaji ikiisha, imeisha. Halafu haina mkono wa maiki; maiki zake zimefichwa kwenye kikombe cha sikio, mbali na mdomo, kwa hiyo kwenye chumba chenye feni au watu wanne wanaoongea, kelele hizo nazo zinaingia. Mwenye vikao vya kazi kila siku aliangalie hilo. Mwenye kucheza tu, aichukue bila wasiwasi. Kipokezi chake ni cha USB ya kawaida, kwa hiyo kwenye simu utatumia Bluetooth.

Ya tatu ni HyperX Cloud Stinger 2 Wireless. Kipokezi tu, Bluetooth hakuna. Betri saa 20, maiki yenye mkono ambayo ukiinyanyua juu inajizima, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu siku mtoto akilia katikati ya kikao. Inamfaa mtu ambaye maisha yake yako kwenye laptopu. Kwa simu haina msaada, na ndiyo sababu haiko juu.

Mwenye PS5 ana njia yake. PS5 haipokei hedifoni za kawaida za Bluetooth, kwa hiyo usidanganywe na stika ya "PS5" kwenye boksi bila kuona kipokezi. Pulse 3D ya Sony inafanya kazi vizuri, ingawa betri yake ya saa 12 ni ndogo. Mwenye Xbox awe mwangalifu zaidi: vipokezi vingi vya USB havifanyi kazi huko mpaka boksi liseme waziwazi Xbox.

Mwisho kabisa ni hizi za Bluetooth pekee zenye taa, zinazouzwa kama za gemu. Nyingine zina kitufe cha "gemu" kinachopunguza kuchelewa, na zingine hicho kitufe kinabadilisha rangi ya taa tu. Kama una elfu hamsini mfukoni, achana nazo ununue hedifoni nzuri ya waya yenye maiki. Sauti haitachelewa, chaji haihitajiki, na fundi yeyote anaweza kuunga waya uliokatika.

Kuhusu mahali pa kununua: maduka ya katikati ya mji yana bei ya juu kidogo kuliko Kariakoo, na tangu treni ya SGR ianze safari za Dar hadi Dodoma mwaka 2024 wengi wanaona bora waende wenyewe au wamtume mtu. Sikatai. Lakini hedifoni ikikataa kuwaka kesho yake, duka la hapa unafika kwa bajaji. Popote utakaponunua, dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), na muulize muuzaji mapema: ikifa ndani ya mwezi tunafanyaje, kaka? Akianza kuangalia pembeni, umepata jibu.

Usitoke dukani bila kujaribu. Fungua boksi uhakikishe kipokezi kimo, kwa sababu kingine huwezi kukipata kirahisi na bila hicho umenunua hedifoni ya Bluetooth, au hujanunua kitu. Fungua gemu yoyote kwenye simu, bonyeza, sikiliza kama sauti inakuja pamoja na kidole. Rekodi sauti yako kwa maiki ukiwa pale pale penye kelele za barabarani, kisha jisikilize. Ivae dakika kumi hata kama muuzaji ananuna.

Ukifika nyumbani na sauti ikawa inakatika, usikimbilie kuirudisha. Tundu la USB 3.0, mara nyingi lile lenye ulimi wa bluu, hutoa mwingiliano kwenye 2.4 GHz hiyo hiyo, na kipokezi kilichobanwa nyuma ya kompyuta karibu nalo kinasumbuka. Tumia waya mfupi wa USB ukilete mezani. Hosteli zenye simu ishirini zilizowasha hotspoti nazo hujaza masafa hayo; kama ruta au simu yako inaruhusu, hamishia Wi-Fi kwenye 5 GHz. Na usiiache ndani ya gari lililopaki juani pale Mtumba mchana, kwa maana betri za lithiamu huchakaa haraka kwenye joto.

Sauti yenyewe iweke chini kuliko unavyotamani. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha saa 40 kwa wiki kwa desibeli 80, na ukifika 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima, muda ambao wengine wanaumaliza Ijumaa usiku mmoja.