Tiba shufaa chumba cha mahututi: nyota nne kwa manesi

Mama alilazwa siku 9 kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Daktari alipotuambia mashine haitamrudisha, nilidhani manesi sasa watahamia kwa wenye matumaini. Wapi! Ndipo kazi yao ya tiba shufaa, yaani kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ilipoanza. Nesi wa zamu ya usiku alizima kengele za monita pale kitandani, akawa anamlowesha mama midomo kwa sponji ndogo na kumpaka mafuta. Pumzi ilipombana alimpa mofini, ile dawa kali ya maumivu, kidogo kidogo kwenye mshipa. Niliogopa, nikamuuliza kama ndiyo inammaliza. Akavuta kiti, akakaa. "Hapana dada, hii inampunguzia ile hali ya kukosa hewa. Kinachomchukua ni ugonjwa." Hata ile sauti ya kukoroma kooni alishatueleza mapema, kwa hiyo ilipokuja hatukupiga mayowe.

Nyota moja naikata kwa saa za kuona wagonjwa: mwanzoni dakika 10 tu, mmoja mmoja, na mlinzi mkali kama pilipili. Tena tiba shufaa ingeanza siku ya kwanza, siyo ya 7. Usiku wa mwisho nilimshika mama mkono. Nesi alishashusha uzio wa kitanda bila kuombwa.