Kontena za kioo za vyumba vitatu kwa tuliopunguzwa tumbo: uzoefu wangu

Kwa wenye haraka ntasema mapema: nunua, ila chukua zile ndogo kabisa na usipakie kama walivyokusudia waliozitengeneza.

Mimi nlifanyiwa ile operesheni wanayotoa kama asilimia 80 ya mfuko wa chakula unabaki na kimrija kama ndizi. Hatua ya maji maji, ya vilivyosagwa, ya vitu laini, zote nlipita salama, shughuli ilikuja niliporuhusiwa chakula cha kawaida kwasababu kwetu hapa Dar hakuna mtu anajua kupakua kidogo, mama mkwe akishika upawa wa wali hiyo sahani inajaa tu na ukibakiza anauliza kama hujapenda. Sa hivi nakuja mezani na kontena langu, kilichomo ndo hicho hicho, na yeye mwenyewe keshazoea.

Nlizichukua Kariakoo seti nzima, kubwa zimeenda kwa watoto, mimi natumia hizi za kama mililita 400. Kile chumba kikubwa kimewekwa kwa ajili ya wali au ugali, viwili vidogo ni vya mboga na kitoweo, sasa mimi nageuza. Kikubwa ni cha samaki, kuku aliyeiva sana, mayai au dagaa, kidogo kimoja mchicha au matembele, cha mwisho ndo kaugali vijiko viwili vya chai na mara nyingi sikafikii. Mtu wa lishe alinambia protini isipungue gramu 60 kwa siku na yai moja ni kama gramu 6 tu, kwahiyo ukianza na ugali umeshiba kabla hujamgusa samaki, na hako katumbo hakasikilizi maombi. Dagaa wakavu jamani msiwadharau, protini imejaa na bei yake inaeleweka.

Malalamiko sasa. Mfuniko unaziba vizuri kwa nje ila kati ya chumba na chumba hauzibi kabisa, nimepanda bajaji na rosti ya dagaa kufika ofisini imehamia kwenye mtindi wote. Nlivyorudi kumwambia muuzaji akanijibu "dada si ungeibeba imelala". Nimeibeba imelala kaka, barabara ndo haijalala! Kwahiyo mtindi na mchuzi beba kwenye kichombo chake pembeni. Pia ni nzito, ukiwa umesimama kwenye mwendokasi na mkoba begani utaijua, ila bado nabaki na kioo maana plastiki ikishaonja binzari na samaki harufu haitoki tena.

Kupasha ni somo lingine. Kifua cha kuku kilichopashwa kwenye maikrowevu kinakauka kinakuwa kama pamba, na kwa sisi kitu kikavu kinakwama hapa katikati ya kifua, mate yanajaa mdomoni mazito yenye povu mpaka unatafuta choo kiko wapi. Siku hizi naacha mchuzi kidogo au tui jepesi juu yake, napasha taratibu, mfuniko natoa, af nakula na kijiko cha chai natafuna mpaka inakuwa uji. Maji hapana mpaka ipite kama nusu saa baada ya kula, chupa naiacha kwenye droo nisiione.

Napika Jumapili, za siku tatu zinakaa kwenye friji zilizobaki naziweka friza, umeme ukikatika muda mrefu sibahatishi. Mayai ya kuchemsha usigandishe, ute wake unakuwa mgumu kama raba ya kufutia, chemsha ya siku mbili tatu tu inatosha. Kale kadumu kadogo kalikokuja na seti nawekea vidonge vya vitamini, ila chuma na kalsiamu situmii kwa pamoja, naachanisha masaa mawili hivi.

Siku ambayo sijapika nampa mama lishe wa nje ya ofisi kontena lenyewe, "mama niwekee samaki hapa kikubwa na mboga hapo, wali usihangaike", mwanzoni alikuwa ananionea huruma anadhani sina hela ya wali, siku hizi ananichagulia mnofu wa mgongoni usio na miba na mchuzi ananimwagia juu bila kuambiwa.

Mifuniko peke yake sijaona wanauza, kibano kikikatika ndo basi. Ukienda dukani omba maji, jaza chumba kimoja, funga, geuza chini juu mbele yake, akikataa nenda duka la jirani, Kariakoo maduka hayaishi.