Melody Maker, Musicmaster au Bronco? Uzoefu wangu wa kuchagua gitaa la zamani la wanafunzi lenye pikapu moja

Gitaa la umeme lenye pikapu moja (kifaa chenye sumaku kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme) humpunguzia mnunuzi maswali mengi, kwa kuwa halina swichi ya kubadilisha sauti wala pikapu ya pili ya kukimbilia pale ya kwanza isipopendeza. Linalobaki ni kujua pikapu hiyo imewekwa sehemu gani chini ya nyuzi, na kwa maoni yangu jambo hilo lina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gitaa, aina ya mbao au mwaka wa kutengenezwa. Nilipotafuta gitaa la zamani katika kundi ambalo viwanda vya Marekani vililitengeneza kwa ajili ya wanafunzi, nilibaki na matatu ya kuchagua: Fender Musicmaster, Fender Bronco na Gibson Melody Maker. Nilinunua Melody Maker ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ile ambayo kiwiliwili chake kimekatwa pande zote mbili za shingo, na bado ndilo gitaa ninalolipiga zaidi.

Uzi wa gitaa hauna mtikisiko wa aina moja. Karibu na shingo unacheza kwa upana, na pikapu iliyowekwa hapo hunasa sauti nene, ya mviringo, yenye besi ya kutosha. Karibu na daraja, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye kiwiliwili, uzi unatikisika kidogo tu, na kinachosikika zaidi ni zile sauti nyembamba za juu zinazofanya kila noti isikike imekatwa vizuri. Kitufe cha toni kilicho kwenye magitaa haya kina kazi moja, nayo ni kupunguza hizo sauti za juu. Hakiwezi kuongeza kile ambacho pikapu haikukinasa. Maana yake ni kwamba pikapu ya darajani inaweza kulainishwa hadi ikaribie tabia ya ile ya shingoni, ilhali pikapu ya shingoni haiwezi kunolewa ikawa ya darajani, labda kwa msaada wa amplifaya, na hata hapo msaada ni wa nusu nusu. Kwa mtu anayetaka gitaa moja lifanye kazi nyingi, hoja hii ilinitosha kuamua.

Hata hivyo Musicmaster ndiyo iliyonivutia kwanza. Fender walianza kuiuza mwaka 1956 ikiwa na urefu wa uzi wa inchi 22.5, yaani takriban milimita 572 kutoka kizingiti cha kichwani hadi darajani, kipimo kilichofikiriwa kwa ajili ya vidole vidogo. Mwaka 1964 ilipewa umbo jipya lililopinda kiunoni, na mnunuzi akaweza kuchagua shingo ya inchi 22.5 au ya inchi 24. Pikapu yake imelazwa mshazari karibu na shingo, chini ya kifuniko cha plastiki kisichoonyesha sumaku. Nilizipiga zote mbili, ya shingo fupi na ya shingo ndefu, na sauti yake safi, isiyokwaruzwa, ni nzuri mno: kodi za noti nne au tano zinazopigwa pamoja zinasikika kila noti mahali pake, na solo ya taratibu juu ya nyuzi tatu za chini inakuwa na uzito ambao sikuupata kwenye gitaa lingine lolote katika kundi hili. Nilipoanza kupiga rithimu ya haraka pamoja na besi na ngoma, gitaa lilimezwa. Fundi wa mitambo ya sauti angeweza kuliinua, lakini sipendi gitaa linalomtegemea fundi ili lisikike.

Bronco ni karibu Musicmaster iliyogeuzwa. Ilitoka mwaka 1967, urefu wa uzi ni inchi 24, na pikapu ile ile ya mshazari imehamishiwa darajani. Kwa hoja yangu ya mahali pa pikapu, Bronco ilipaswa kushinda. Inapenya vizuri katikati ya vyombo vingine, shingo yake ni nyembamba na rahisi kuishika, na kwa mpigaji wa miziki ya roki ya haraka inafaa kabisa; Alex Turner wa bendi ya Arctic Monkeys amewahi kuitumia. Kilichonizuia ni mkono wake wa kutetemesha sauti, mtambo wa chuma ambao Fender waliuweka kwenye modeli hii pekee. Gitaa nililolijaribu lilitoka kwenye tuni kila nilipouvuta mkono huo kwa nguvu, na ingawa fundi mzuri anaweza kuliweka sawa, mimi situmii kabisa mkono wa kutetemesha. Kulipia mtambo, kisha kulipia kuutuliza, kulionekana kwangu kuwa gharama isiyo na sababu. Isitoshe, sauti yake ya juu ni kali kiasi kwamba toni hubaki imepunguzwa muda mwingi.

Ndipo nikafika kwenye Melody Maker. Gibson waliitoa mwaka 1959 ikiwa na mkato upande mmoja wa shingo, na mwaka 1961 wakaweka mkato pande zote mbili. Kiwiliwili ni ubao mtupu wa mahogani, tambarare, wenye unene wa takriban milimita 35, na ndiyo maana gitaa ni jepesi kiasi cha kusahaulika begani. Urefu wa uzi ni inchi 24.75, kipimo kile kile cha magitaa makubwa ya Gibson, ingawa ilikuwapo pia iliyofupishwa kwa ajili ya watoto. Pikapu ni nyembamba, ya koili moja (mzunguko mmoja wa waya), haina skrubu za kurekebisha nguvu ya kila uzi, na imekaa darajani. Nilitarajia sauti dhaifu kutokana na udogo huo. Nilichokuta ni sauti ya wazi, yenye makali ya wastani, ambayo kwa voliumu kamili hukwaruza kidogo kwenye amplifaya ya taa (yaani ya vali za kioo) na kwa voliumu ya nusu husafika yenyewe bila kugusa kitu kingine. Toni ikipunguzwa hadi robo, na mkono wa kulia ukapiga nyuzi juu ya freti za mwisho (vyuma vinavyokatiza shingo) badala ya karibu na daraja, napata unene unaofanana kwa mbali na Musicmaster. Haulingani nayo, lakini unatosha kwa nyimbo za taratibu.

Niseme pia kwamba anayenunua Melody Maker kwa sababu alimwona mwanamuziki wa roki Joan Jett akiwa nayo ajue kuwa lake lilibadilishwa pikapu na kuwekwa hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, kwa hiyo nguvu anayoisikia haitoki kwenye pikapu ya kiwandani. Mwenye kutaka nguvu ya aina hiyo pasipo kukata mbao angepaswa kuitazama Gibson Les Paul Junior, iliyotoka mwaka 1954 na pikapu ya P-90, ya koili moja lakini iliyo pana zaidi, juu ya mahogani nene zaidi. Junior ni gitaa bora kuliko Melody Maker, sina ubishi. Ila zile za zamani sasa hununuliwa na wakusanyaji, na bei yake haina tena uhusiano wowote na wanafunzi.

Kuhusu urefu wa uzi, ambao watu wengi huutaja kwanza, naona umuhimu wake hueleweka vibaya. Kwa uzi ule ule na noti ile ile, mvuto hupungua kwa kipeo cha pili cha urefu. Musicmaster ya inchi 22.5 ina mvuto pungufu kwa asilimia 22 hivi kuliko gitaa la inchi 25.5 kama Stratocaster, na Bronco ya inchi 24 ina pungufu ya asilimia 11. Ukifunga nyuzi nyembamba kwenye shingo fupi, zitalegea, zitagonga freti, na kila kodi itapanda kidogo juu ya tuni kwa sababu tu kidole kimebana kwa nguvu. Dawa yake ni nyuzi nene: seti inayoanzia 11 (uzi mwembamba kuliko yote una unene wa sehemu 11 za elfu za inchi) kwenye inchi 22.5 humpa mpigaji ugumu wa seti ya 9 au 10 kwenye gitaa refu. Wengi wanaosema magitaa haya madogo hayakai kwenye tuni walikuta yamefungwa nyuzi zisizoyafaa.

Melody Maker ina udhaifu wake, na wa kwanza ni kichwa. Magitaa ya Gibson ya wakati huo yana kichwa kilichoinamishwa nyuma, shingo imechongwa kutoka kipande kimoja cha mahogani, na hapo hapo mbao imechimbwa ili kufikia chuma cha kunyooshea shingo, kwa hiyo likianguka sehemu hiyo ndiyo hupasuka kwanza. Mojawapo ya magitaa niliyoyakagua lilikuwa na ufa uliofichwa kwa rangi mpya, na muuzaji hakuutaja. Niliuona kwa kuinamisha shingo kwenye mwanga wa pembeni. Ufa uliogundishwa vizuri hauharibu sauti, lakini lazima bei ishuke. Shingo za Fender hufungwa kwa skrubu na kichwa hakikuinamishwa hivyo, na katika jambo hili Musicmaster na Bronco ni salama zaidi mikononi mwa mtu mwenye haraka.

Udhaifu wa pili ni daraja. Ni pau moja ya chuma ambayo nyuzi huizunguka, na urekebishaji uliopo ni skrubu mbili ndogo za pembeni. Iliundwa enzi ambapo uzi wa tatu ulikuwa wa kuzungushiwa waya, na ukifunga uzi wa tatu mtupu, kama tufanyavyo wengi leo, utasikia umepanda kila unapokwenda juu ya shingo. Nilirudi kwenye uzi wa tatu wa kuzungushiwa, na tatizo likaisha kwa kiasi kinachoniridhisha, ingawa kuuvuta ili noti ipande kumekuwa kugumu.

Ukaguzi wa umeme ulikuwa rahisi kwa sababu pikapu, vitufe na tundu la waya vyote vimefungwa kwenye bamba moja la plastiki: ukifungua skrubu zake, kila kitu kinatoka pamoja. Mgongoni mwa vitufe kuna namba inayosaidia kukadiria umri wa gitaa. Ikianza na 137, kwa mfano, kitufe kilitengenezwa na kampuni ya CTS, na tarakimu zinazofuata huonyesha mwaka na wiki. Namba hiyo haithibitishi mwaka wa gitaa, kwa kuwa viwanda viliweka vipuri ghalani, lakini kitufe chenye mwaka wa mbele kuliko anaotaja muuzaji ni dalili kwamba kuna kilichobadilishwa. Mvumo wa koili moja upo, na hauondoki kwa kufunika shimo la vifaa vya umeme kwa karatasi ya shaba. Hiyo hupunguza mikwaruzo tu. Mimi hugeuka kidogo mbali na amplifaya hadi mvumo upungue.

Nilichobadilisha ni mashine za kukazia nyuzi pekee. Za awali zimeunganishwa tatu tatu kwenye ukanda mmoja wa chuma, na vishikio vyake vya plastiki vilikuwa vinamomonyoka. Nilipata mpya za muundo ule ule, zikaingia kwenye matundu ya zamani pasipo kutoboa kitu. Za awali nimezihifadhi ndani ya kasha la gitaa, kwa sababu mnunuzi wa baadaye atazitaka hata kama hazifanyi kazi.