Antena ya GPS ya dB 28 na mita 40 za waya: uzoefu wangu

Antena hii imekaa karibu mwaka mzima juu ya paa la ofisi yetu hapa Mombasa, ikilisha kipokezi kinachozipa seva zetu saa. Yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi ulikuwa wa waya, na niliutafuta mwenyewe.

Kutoka paani hadi chumba cha seva ni mita 40. Stoo kulikuwa na rola ya RG-58, aina ya waya wa antena, nikaona ya nini kutoa pesa. Wiki nzima kipokezi kikashika setelaiti tatu, mara nne, mara hakuna, na mawimbi yakisoma 30 dB-Hz hivi (kipimo cha nguvu ya mawimbi dhidi ya kelele; ikiwa kubwa ndiyo bora). Nikapanda na kipokezi chenyewe paani, nikatumia waya mfupi: 45. Ndipo nikashika kalamu. Kwenye masafa ya GPS, MHz 1575.42, RG-58 hula takriban dB 0.8 kila mita (dB, yaani desibeli, hupima mawimbi yanavyokuzwa au kupungua). Mara 40 ni 32, na antena inakuza 28. Waya ulikuwa unakula kuliko antena inavyochuma!

Muuzaji mmoja akanishauri niongeze amplifaya, yaani kikuza mawimbi, ya dB 20. Nikaifunga chini, karibu na kipokezi, nikapata 33. Kufikia hapo mawimbi yalishanyonywa na waya, nayo ikakuza yaliyobaki pamoja na kelele. Mahali pake palikuwa juu, jirani na antena, ila haikuwa ya kunyeshewa mvua.

Aliyenitoa ni fundi wa dishi. RG-6, waya ule ule wa televisheni, hula kama dB 0.3 kwa mita, yaani 12 kwa safari yote. Ni wa omu 75 (kipimo cha ukinzani wake kwa mawimbi) na kipokezi changu ni cha 50, jambo lililonitia wasiwasi, kumbe hasara ya kutolingana huko haifiki hata robo ya dB kila upande.

Tukavuta waya, nikawasha. Setelaiti zinatokea, zinapotea, kama taa ya umeme mbovu. Amplifaya! Nilikuwa nimeisahau pale pale. 28 na 20, toa 12, ni 36, wakati kitabu cha kipokezi kinataka 15 hadi 30. Nikaing'oa, ikabaki 16, na setelaiti tisa zikatulia kwenye 43 hivi.

Kumbuka pia kubadilisha, kwenye kipokezi, namba ya ucheleweshaji wa waya, yaani muda mawimbi yanaochukua kupita ndani yake. RG-58 yangu ilikuwa nanosekunde 202, RG-6 ni 163. Kwa saa za kompyuta tofauti hiyo si kitu, ila mimi hainipi usingizi. Na kiunganishi cha juu kizungushie utepe wa mpira. Changu cha kwanza nilikikuta shaba imegeuka kijani kwa chumvi ya bahari.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu karatasi iliyokuja nayo imeandika dB 28 kwa herufi kubwa, na haisemi popote waya uwe wa urefu gani.