Rimu za inchi 18 kwenye GT86 yenye fenda pana: uzoefu wangu

Nianze na vipimo, maana najua ndivyo wengi wanavyovitafuta. Mbele nimefunga rimu ya 18 kwa 9.5 (kipenyo na upana kwa inchi) yenye ofseti +22 (milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso wake unaokaa kwenye habu; ikipungua, rimu inatoka nje), nyuma 18 kwa 10 yenye ofseti +12, na matairi yote manne ni 255/35R18 (upana milimita 255, kimo cha ubavu asilimia 35 ya upana huo, rimu ya inchi 18). Gari ni Toyota GT86, limeshushwa kwa koilova (shokapu na springi zinazorekebishika kimo), na fenda zimepanuliwa milimita 30 kila upande mbele na milimita 40 kila upande nyuma. Kama fenda zako zina upana mwingine, namba hizi ziache kama zilivyo na uchukue njia iliyozizaa.

Kitu cha kwanza ambacho wauzaji wengi wa rimu hawakwambii ni kwamba fenda pana haikupi nafasi hata kidogo upande wa ndani. Shokapu iko palepale, mpira wa breki uko palepale, mkono wa chini wa saspensheni nao haujahama. Nafasi yote uliyoinunua ipo nje. Kwa hiyo mimi nilianza kupima kutoka ndani: ubavu wa ndani wa tairi jipya usogee kiasi gani kuelekea shokapu? Jibu langu lilikuwa sifuri, na upana wote wa ziada ukatupwa nje.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. GT86 hutoka kiwandani na rimu ya 17 kwa 7, ofseti +48, tairi 215/45R17. Tairi hilo kwenye rimu ya inchi 7 lina upana wa milimita 213 hivi kutoka ubavu hadi ubavu. Nusu yake ni 106.5; ukijumlisha ofseti ya 48 unapata milimita 154.5 kutoka uso wa habu (kitovu ambacho rimu hufungwa) kwenda ndani. Sasa 255/35R18 hupimwa na watengenezaji kwenye rimu ya inchi 9, na hapo huwa na milimita 260 hivi. Kila nusu inchi unayoongeza kwenye rimu hulitanua tairi kwa takriban milimita 5, hivyo kwenye 9.5 yangu linakuwa 265. Nusu yake ni 132.5, jumlisha 22, unarudi kwenye 154.5 ile ile. Ubavu wa ndani wa tairi la mbele umekaa mahali pale pale ulipokuwa siku gari linatoka kiwandani, ingawa tairi limeongezeka sentimita tano na ushee. Nilichobaki kukikagua upande huo ni kikalio cha springi cha koilova peke yake, kwa sababu hakikai kimo kimoja na kile cha shokapu za kiwandani.

Upande wa nje una mtego wake. Inchi zilizoandikwa kwenye rimu hupimwa pale tairi linapokalia, si kwenye kingo zenyewe. Ukingo huongeza takriban nusu inchi kila upande. Rimu yangu ya nyuma ya inchi 10: nusu ni 127, toa ofseti ya 12, inabaki 115, ongeza ukingo, inakuwa kama 128 kutoka uso wa habu. Fenda yangu ya nyuma inaishia 135. Milimita saba tu za salama, na mtu akisahau ule ukingo anajidanganya kwamba ana 20.

Saba ni chache, lakini kemba (mlalo wa gurudumu; ikiwa hasi, juu yake huinamia ndani) inasaidia. Kwa tairi la kimo hiki, kila digrii moja ya kemba hasi huingiza sehemu ya juu ya tairi takriban milimita 5 na nusu. Nyuma nina digrii mbili, kwa hiyo tairi likipanda linapita chini ya fenda bila kugusa. Wapo wanaofunga kemba ya digrii sita au saba ili rimu iingie popote. Ladha ya mtu haina mjadala, ila gari la namna hiyo linakanyagia ukingo wa ndani wa tairi tu, na kashata (meno ya tairi) za ndani zinakwisha wakati za nje bado mpya. Sijaona sababu ya kupanua fenda kwa gharama zote zile halafu ukalaza tairi kana kwamba hukupanua.

Nije kwenye jambo ninalolihesabu kuwa kubwa kuliko yote. Upana unaouona kwa nje huenda usiwe nafasi kabisa. Fenda za kubandika, zile zinazofungwa kwa skrubu au ribiti juu ya bodi, zinafunika chuma cha zamani. Chuma hicho kisipokatwa, tairi likipanda kwenye tuta au likibeba abiria wa nyuma linakutana nacho ndani, huku nje kila kitu kinaonekana kina nafasi tele. Fenda za nyuma zina ngozi mbili za bati, ya ndani na ya nje, zilizounganishwa pale kwenye ukingo. Ukikata, lazima ngozi hizo ziunganishwe upya kwa kuchomelewa na kuzibwa vizuri, la sivyo maji na tope vinaingia katikati ya bodi na kutu inaanza kazi mahali usipopaona. Kabla ya kuagiza rimu yoyote, chungulia ndani ya fenda zako kwa tochi. Kama chuma cha zamani bado kipo, kipimo chako ni hicho, achana na ukingo wa plastiki.

Namna nilivyopima: nilitoa springi, nikarudisha shokapu tupu, kisha nikapandisha habu kwa jeki taratibu hadi mwisho wa safari yake. Mbele nikafanya hivyo usukani ukiwa umenyooka, kisha ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kushoto na kulia. Kazi ni chafu na inachosha, lakini hakuna programu ya kukokotoa ofseti itakayokuonyesha kwamba tairi lililosogezwa nje linachora duara kubwa zaidi linapokata kona. Kwangu liligusa plastiki ya ndani nyuma ya gurudumu la mbele, karibu na kona ya chini ya fenda. Nililainisha plastiki kwa hewa ya moto na kuisukuma nyuma, na kona ya bampa nikaikata kidogo.

Jambo jingine nililofanya, na ningemshauri yeyote, ni kuazima spesa (vipande vya kukaa kati ya habu na rimu) za milimita 25 na kuzifunga na rimu za kiwandani kwa majaribio. Ofseti +48 ukiondoa 25 inakuwa +23, karibu kabisa na +22 niliyokuwa naiwazia, hivyo usukani unakuonjesha mapema kitakachokuja. Na kitu kinakuja kweli. Ukisogeza katikati ya tairi nje milimita 26, unabadilisha umbali kati ya pale tairi linapokanyaga na mstari ambao gurudumu linazungukia unapokata kona. Usukani unakuwa mzito zaidi unapoegesha, unavutwa na mifereji ya barabara, na ukifunga breki gurudumu moja likiwa kwenye maji unahisi mvuto mkononi. Beringi za habu nazo zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Springi pia zinakuwa kama zimelegea kidogo, kwa kuwa gurudumu limepata nyenzo ndefu ya kuzikandamiza. Nilionja hayo yote kwa spesa za kuazima, nikaona ninaweza kuishi nayo, ndipo nikaagiza.

Spesa zenyewe kwa matumizi ya kudumu sikuzitaka. Zilizotengenezwa vizuri, zinazokaa sawasawa kwenye habu, hazina ubaya. Ila kila moja inaongeza uzito na safu nyingine ya nati za kukagua.

Kwenye matairi nilipokea ushauri wa aina mbili, na wote niliukataa. Wa kwanza ulitaka 225/40R18 kwenye rimu ya inchi 10, tairi livutwe mpaka ubavu ulale. Saizi hiyo imekusudiwa rimu za inchi 7.5 hadi 9. Nje ya hapo tairi halijashikwa sawasawa kwenye kikalio chake, na ukingo wa rimu unabaki uchi ukisubiri jiwe la kwanza la barabarani. Wa pili ulitaka 245/35R18 mbele na 285/30R18 nyuma. Huo ulinivutia zaidi, kwa sababu vimo vyake vinalingana vizuri sana: milimita 628.7 na 628.2, dhidi ya 625.3 ya kiwandani. Lakini hili ni gari la nguvu farasi 200 tu, na lilisanifiwa likiwa na matairi ya upana mmoja pande zote nne. Ukilipatia sentimita nne za ziada nyuma, mkia unaganda na pua ndiyo inayoteleza. Unaingia kona na gari linataka kwenda moja kwa moja. Nikabaki na 255/35R18 pande zote, na fenda ya nyuma nikaijaza kwa rimu na ofseti. Kimo chake ni milimita 635.7, asilimia 1.7 zaidi ya kiwandani, hivyo spidomita ikisoma 100 imepungukiwa kidogo na gia zimekuwa ndefu kwa kiasi kisichoudhi. Kwenye 275/35 ongezeko lingekaribia asilimia 4, na kwa injini hii ungelisikia kila unapopanda mlima.

Kupata rimu zenyewe ndiko kulikonichosha. GT86 ina matundu matano kwenye mduara wa milimita 100, na rimu pana zenye ofseti ndogo kwa mpangilio huo ni adimu. Soko kubwa liko kwenye 114.3. Wapo wanaobadilisha habu na kuweka za Subaru Impreza WRX STI ili wahamie huko. Mimi niliagiza rimu za kufuliwa (forged, yaani aloi iliyogandamizwa kwa nguvu badala ya kumiminwa), zilizochongwa kwa vipimo vyangu, tundu la katikati likiwa milimita 56.1 kamili ili zikae kwenye habu bila pete za plastiki. Mtengenezaji alinitumia mchoro kabla ya kuchonga, akaomba umbo la kalipa ya breki ili mikono ya rimu isiiguse. Hapo nampa alama zote. Muda wa kusubiri ulizidi ahadi, na majibu ya barua pepe yalikuja kwa kusuasua. Rimu zilipofika nilizipima moja moja kwa rula ndefu na kalipa ya kupimia, na ofseti zote zilikuwa sahihi. Zina alama ya JWL, kiwango cha Japani cha rimu za aloi, upande wa ndani. Bila alama ya kiwango kinachoeleweka nisingezifunga, hata zingekuwa nzuri kiasi gani machoni.

Nati ziwe jambo la kuangaliwa. Gari lina nembo ya Toyota lakini limetengenezwa na Subaru, na uzi wa nati ni M12 kwa 1.25, wakati Toyota nyingi hutumia 1.5. Fundi akichukua nati kutoka kopo la Toyota na kuzisukuma kwa bunduki ya upepo, stadi (bolti za habu) zimekwisha. Mimi hukaza kwa mkono, kisha namaliza kwa spana ya torki kwenye Nm 120, na narudia baada ya kutembea kidogo.

Matairi niliyochagua ni Michelin Pilot Sport 4S. Kwenye mvua yananipa imani ambayo sikuwa nayo, kwenye lami kavu yanashika mapema bila kuhitaji kupashwa moto, na ubavu wake ni mgumu kiasi cha kutosha bila kukutingisha meno. Kelele imeongezeka, hilo sifichi. Kwenye lami ya kokoto mngurumo unajaza chumba chote.

Na ladha ya gari? GT86 ilitoka kiwandani na Michelin Primacy HP, tairi lililofungwa pia kwenye baadhi ya Prius. Watu walilicheka, lakini lilikuwa na maana yake: gari liteleze kwa mwendo mdogo, dereva afurahie bila kukimbia kupita kiasi. Ukiliwekea 255 utani huo unapungua sana. Sasa gari linapita kona kwa kasi ambayo zamani ingelipeleka pembeni, na linaposhindwa linashindwa ukiwa na mwendo mkubwa zaidi. Njia ya magurudumu imepanuka milimita 52 mbele na 72 nyuma, bodi inalala kidogo, na kubadili upande kati ya kona mbili zinazofuatana kumekuwa kwepesi. Injini, kwa upande mwingine, inaonekana imepungua nguvu, kwa kuwa haiwezi tena kuamsha mkia kwa mguu peke yake kwenye barabara kavu. Siku za mvua ule utani unarudi, na nakiri huwa nazisubiri.

Kwa anayetaka gari lake la kuchezea libaki la kuchezea, ningepunguza upana: 245/35R18 pande zote, mbele rimu ya inchi 9, nyuma 9.5, na fenda zipanuliwe kidogo kuliko zangu. Kwa anayeenda kupima muda kwenye uwanja wa mbio, mpangilio wangu unafaa kama ulivyo, ila springi ziongezwe ugumu kufidia ile nyenzo ndefu. Za kwangu bado ni zile nilizokuwa nazo kabla ya rimu, na nyuma inazama kuliko ninavyopenda nikiwa na tangi lililojaa. Springi ngumu zaidi za nyuma nimeshaziagiza. Zikifungwa nitapima upya zile milimita saba.