Mnada wa korosho kwa mtandao: tathmini ya huduma kutoka Mtwara

Huduma ninayoitathmini hapa ni mnada wa korosho ghafi unaoendeshwa kwa njia ya mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, ambalo wengi wetu tunaliita TMX. Tangu msimu wa 2024/2025, hii ndiyo njia ambayo vyama vikuu vya ushirika vya Mtwara na Lindi vinauzia mazao ya wanachama wao. Ninaandika nikiwa mkulima mdogo wa Tandahimba ambaye pia hutengeneza programu za kompyuta mjini Mtwara, kwa hiyo ninaitazama huduma hii kwa pande mbili: kama mtu anayesubiri fedha za magunia yake, na kama mtu wa fani anayetaka kujua iwapo mfumo wa namna hii unaijenga tasnia ya teknolojia ya nchi yetu au unaipita kando. Kwa upande wa kwanza nimeridhika kwa kiasi kikubwa. Upande wa pili ndio ulionifanya niandike kwa kirefu.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huhifadhi mazao ghalani na kupewa stakabadhi hadi yanapouzwa mnadani, ulianza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, baada ya sheria yake kupitishwa mwaka 2005, na shabaha yake ilikuwa kumtoa mkulima mikononi mwa kangomba, yule mnunuzi wa kichochoroni anayepima kwa kopo na kulipa anavyotaka. Kwa miaka mingi mnada wenyewe ulikuwa wa barua: wanunuzi walitumbukiza zabuni zao kwenye sanduku, sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima, na bei zikasomwa kwa sauti. Utaratibu huo ulikuwa na heshima yake, kwa sababu kila aliyehudhuria alisikia kwa masikio yake mwenyewe. Lakini uliwalazimu wanunuzi au mawakala wao kufika Newala, Masasi au Nachingwea, na ilikuwa rahisi kwa wachache waliofika kujuana na kupanga bei. Mwishoni mwa 2018, bei zilizotolewa minadani zilipokataliwa, Serikali ililazimika kuingia yenyewe na kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, hatua ambayo haiwezi kuwa utaratibu wa kila mwaka.

Utaratibu wa sasa unaanzia palepale ulipoanzia wa zamani. Mkulima anaanika na kuchambua, anapeleka korosho kwenye chama cha msingi cha ushirika kijijini kwake, karani anapima, na mzigo unasafirishwa hadi ghala kuu ambako stakabadhi inatolewa. Mabadiliko yanaanzia hapo: orodha ya mzigo inawekwa kwenye mfumo ikionesha ghala, kilo na daraja, mnunuzi aliyeidhinishwa anaingia akiwa popote alipo na kuandika kiasi anachotaka na bei anayoitoa, muda ukiisha dirisha linafungwa, na zabuni zinapangwa kuanzia ya juu kushuka. Kwenye mnada mmoja wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, niliouhudhuria, skrini ilikuwa imefungwa kwenye ukuta wa jengo, mbele ya viti vya plastiki, na waliokosa viti walisimama chini ya mwembe. Bei zilipotokea, bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu alimshika kijana mkono na kumwuliza, "Mjukuu wangu, mstari wa ghala letu ni upi?" Kijana akamwonesha, akamsomea tarakimu moja moja, naye bibi akazirudia kwa sauti kabla ya kunyanyua mkono wa kukubali kuuza. Mkono huo ndio sehemu ninayoithamini kuliko zote katika huduma hii, kwa kuwa waliopanga utaratibu hawakuiachia kompyuta neno la mwisho. Bado mkulima anaweza kukataa.

Kuhusu bei, ni lazima tuseme kweli. Katika mnada wa kwanza wa msimu wa 2024/2025, uliofanywa na TANECU mwezi Oktoba 2024, bei ya juu ilifika shilingi 4,120 kwa kilo na ya chini 4,035, ilhali msimu uliotangulia tulizoea bei za karibu na shilingi 2,000. Wapo wanaoupa mtandao sifa zote za kupanda huko, na mimi sikubaliani nao, kwa sababu mwaka huo mavuno ya Afrika Magharibi yalipungua na viwanda vya Vietnam vikawa na njaa ya korosho. Sifa ambayo mfumo unaistahili ni nyingine: soko la dunia lilipopanda, mkulima wa Kitangari aliliona likipanda siku hiyohiyo, na tofauti kati ya bei ya juu na ya chini ikawa ndogo. Msimu huo nchi ilivuna zaidi ya tani 500,000, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa, na mnada uliubeba mzigo huo. Kwa mtu wa fani, mfumo unaohimili msimu mkubwa kuliko yote ni kazi inayostahili kupongezwa.

Kasoro ninazozijua zipo kwenye ncha za huduma, kule inakomgusa mkulima moja kwa moja. Katika chama kimoja cha msingi ninachokifahamu kwa karibu, karani anaandika kwanza kwenye daftari, kisha anaingiza taarifa hizohizo kwenye mfumo jioni, mtandao wa simu ukitulia. Tarakimu moja ya akaunti ikikosewa, au jina la kwenye kitambulisho cha NIDA lisipolingana na la benki, malipo yanarudi, na mkulima anaanza safari ya kwenda na kurudi kati ya chama na benki wakati wenzake wamekwishanunua mabati. Hili si jambo la kuwalaumu makarani, ambao wengi wao hupewa maelekezo ya haraka mwanzoni mwa msimu na kuachwa peke yao. Kwenye vijiji vyetu hakuna fundi wa mfumo aliye karibu; tatizo linapotokea, simu inapigwa mbali, na jibu hurudi kwa kasi ya huko mbali.

Kasoro ya pili ni ndogo kwa macho ya mkulima, lakini kwangu ndiyo kubwa zaidi. Matokeo ya mnada hutufikia wengi wetu kama picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu na kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Picha husomwa na mtu, haisomwi na programu. Kijana wa Masasi anayetaka kutengeneza huduma ya ujumbe mfupi itakayomwambia mkulima bei ya ghala lake, makato yake kwa mujibu wa mjengeko wa bei, yaani orodha ya tozo na gharama zinazokatwa kwenye bei, na fedha anayopaswa kupokea, analazimika kuketi na kunakili tarakimu kwa mkono. Kungekuwa na njia rasmi ya programu kusoma matokeo yaliyokwisha kutangazwa, huduma za namna hiyo zingekuwa nyingi, na zingetengenezwa na watu wanaoijua korosho. Ninasema matokeo ya mnada tu. Majina, namba za simu na akaunti za wakulima ni mali yao, zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na asiwepo wa kuzigusa kwa kisingizio cha ubunifu.

Tunaposema nchi inapaswa kukuza tasnia yake ya teknolojia, mara nyingi tunafikiria majengo ya vioo Dar es Salaam na mashindano ya wabunifu. Mimi naona tasnia hukua pale ambapo kazi kubwa ya umma inapangwa kwa namna ambayo inaacha ujuzi nyuma yake. Mfano upo hapahapa nchini. Mfumo wa kwanza wa ununuzi wa umma, TANePS, ulinunuliwa kutoka nje. Mwaka 2023 nafasi yake ikachukuliwa na NeST, uliojengwa na wataalamu wa Kitanzania. Mfumo wa malipo ya Serikali wa GePG, unaotoa namba za malipo tunazozitumia kila siku, nao ni kazi ya wataalamu wa ndani. Waliojenga mifumo hiyo leo wanaweza kujenga mingine, na hiyo ni faida isiyoonekana kwenye risiti ya manunuzi. Estonia, nchi yenye watu wapatao milioni 1.3, wachache kuliko watu milioni 1.6 waliohesabiwa Mkoa wa Mtwara katika sensa ya 2022, ilitangaza mwaka 1996 mpango wa kuingiza kompyuta na intaneti kwenye shule zake, na mwaka 2001 ikaanzisha X-Road, njia moja ya pamoja inayowezesha kanzidata za taasisi mbalimbali kubadilishana taarifa. Mpango wa shule ulitangulia, mifumo ikafuata. Sisi korosho imetupa mfumo kabla ya mpango wa kuwaandaa watu wake, na pengo hilo linaweza kuzibwa iwapo tutalikiri mapema.

Nchi ina karatasi nzuri za kuanzia. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitolewa upya mwaka 2016, na Mkakati wa Taifa wa Uchumi wa Kidijitali wa 2024 hadi 2034 umekwisha kuzinduliwa. Mwaka 2023 Serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 ya mawasiliano katika kata 713 za vijijini, jambo linalogusa moja kwa moja yule karani anayesubiri mtandao utulie. Ninachokitaka ni mkakati ushuke hadi kwenye zao na wilaya. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vya Mtwara na Lindi vingeweza kufundisha matengenezo ya mizani ya kidijitali na usimamizi wa mifumo ya vyama vya ushirika kama fani ya kudumu, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris hapa Mtwara kingeweza kupeleka wanafunzi wake kwenye vyama vikuu wakati wa msimu badala ya kuwaacha watafute nafasi za mafunzo kwa vitendo Dar es Salaam. Kila mkataba wa mfumo unaotumika kusini ungetaja idadi ya mafundi watakaofunzwa kusini, na malipo ya mwisho yangesubiri wapatikane.

Hayo hayatakuja yenyewe, na hapa ndipo uchechemuzi, yaani kuishawishi Serikali kwa hoja, unapohitajika. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, wananchi, kampuni za simu na watu wa sekta ya fedha walilalamika, lakini pia walionesha jinsi miamala ilivyokuwa ikipungua. Miezi miwili baadaye tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2023 ikaondolewa kwenye kutuma na kupokea fedha kwa simu. Hoja iliyobeba takwimu ilisikika. India ililijua hili mapema: kampuni zake za programu zilianzisha chama chao, NASSCOM, mwaka 1988, kikawa kinakaa na Serikali kuzungumzia sera wakati biashara yenyewe ikiwa bado changa. Kwetu ipo Tanzania Startup Association inayofanya kazi hiyo kwa niaba ya kampuni changa, na ninaiunga mkono kwa dhati, lakini sauti ya kusini ndani ya mijadala hiyo bado ni ndogo.

Nguvu tuliyonayo kusini tumeizoea kiasi kwamba hatuioni: vyama vya ushirika. MAMCU, TANECU, RUNALI na Lindi Mwambao vinawakilisha maelfu ya kaya, vina viongozi wanaosikilizwa mkoani na wizarani, na vinakaa kwenye meza ambayo sisi watengeneza programu hatujawahi kualikwa. Chama kikuu kinaposema kwamba kinahitaji mafundi walio karibu na matokeo yanayosomeka kwa programu, ombi hilo linakuwa la mkulima, na ni vigumu kulipuuza. Vijana wa teknolojia wa Mtwara na Lindi kwa upande wao wanapaswa kujiunga kwenye vikundi na kujisajili, kwa kuwa utaratibu wa ununuzi wa umma unatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, vijana na wanawake wakiwemo, na fungu hilo huishia kwenye vifaa vya ofisi na huduma za chakula wakati lingeweza kugusa pia matengenezo ya mifumo.

Kwa mkulima anayeuliza kama auze kupitia mnada huu, jibu langu ni kwamba auze, asikubali kangomba hata kama ada ya shule inambana, na kabla ya msimu kuanza ahakikishe jina lake kwenye kitambulisho, chama na benki linafanana herufi kwa herufi. Anunue daftari dogo la kuandika namba ya stakabadhi, kilo na tarehe, kwa sababu malipo yakirudi hayo ndiyo yatakayoulizwa kwanza. Kwa viongozi wa vyama vikuu, ninaomba ajenda mbili zipelekwe kwenye mkutano wa wadau wa korosho kabla ya mwongozo wa msimu ujao kuandikwa: fundi mmoja wa mfumo kwa kila wilaya inayolima korosho, awe mkazi wa wilaya hiyo na alipwe kutokana na makato yaliyopo bila kuongeza mapya, na matokeo ya kila mnada yatolewe siku hiyohiyo kwa muundo ambao programu inaweza kuusoma. Vijana wa kuandika mapendekezo hayo kitaalamu wapo Mtwara, Masasi, Nachingwea na Lindi mjini, na wengi wetu tuko tayari kuifanya kazi hiyo bila malipo kabla ya mikorosho kuanza kutoa maua.